Kolembola wa rangi ya chungwa niliowakataa

Wengi wenu mmezoea kuja hapa kutafuta habari za programu, seva na hitilafu zile zinazoninyima usingizi. Leo niwapeleke pembeni kidogo. Kando ya skrini ya kompyuta yangu pana chupa nne za kioo. Ndani yake mna makaa ya jikoni, maji kidogo, na viumbe weupe wasiofika hata nusu ya punje ya mchele. Mgeni akiingia huuliza kama ni dawa ya kienyeji. Mke wangu aliacha kuuliza zamani. Siku hizi husema tu, "Baba watoto, chawa wako wanakungoja."

Sio chawa, jamani. Wanaitwa kolembola, na kama umewahi kuinua chungu cha maua au tofali lililolala muda mrefu mahali penye unyevu, ulishawaona wakirukaruka ukadhani ni viroboto. Nimewafuga kwa miaka kadhaa bila kuandika lolote juu yao, maana niliona ni mambo yangu ya usiku, ya kupumzisha macho wakati programu inajijenga.

Kilichonisukuma kuandika ni ubishi. Nina rafiki niliyesoma naye, sasa anaishi Ujerumani, na huko anafuga vyura wadogo ndani ya sanduku la kioo lenye mimea. Kabla hajaja nyumbani Desemba iliyopita alinipigia simu. "Mzee, nikuletee wale wa rangi ya chungwa? Nitawatia kwenye kikopo kidogo, kikopo nakificha ndani ya soksi. Nani atajua?" Nikamwambia asilete. Akacheka, akidhani natania. Nikarudia. Hapo ndipo tulipoanza kubishana, na mpaka leo hatujamaliza. Yeye anasema nimezeeka kabla ya wakati. Mimi nasema nina sababu, na nitazieleza hapa, pamoja na hoja zake mbili ambazo kusema kweli zilinichoma.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mwaka wa 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alifukia pupa wa nondo kwenye udongo ndani ya chupa iliyozibwa ili amwone akitoka. Badala yake akaona kangaga na nyasi zimechipua mle ndani, zinaishi bila kumwagiliwa, maana maji yalipanda kama mvuke, yakagonga kioo, yakarudi chini. Masanduku ya kioo yaliyotokana na chupa ile ndiyo yaliyosafirisha mimea duniani, ikiwemo miche ya chai kutoka China kwenda India. Leo sanduku kama hilo tunaliita terariamu, na watu huliweka sebuleni kama pambo au kufugia vyura na mijusi.

Sasa, ndani ya kioo kilichofungwa kuna joto, unyevu, majani yanayooza na vinyesi. Kuvu hawahitaji mwaliko mwingine. Terariamu yangu ya kwanza ilikuwa mtungi mkubwa wa kachumbari, kangaga mbili nilizonunua kwa wauza miche wa kando ya barabara, na kipande cha gogo nilichoona kinapendeza. Baada ya siku kumi gogo lilikuwa limevaa blanketi jeupe la ukungu. Nililisugua kwa mswaki wa zamani, likavaa jingine. Ndipo nikasoma kwamba wenzetu hawasugui. Wanaweka kolembola, ambao hula kuvu na mbegu zake, hula majani yaliyooza na kinyesi cha mnyama, na kuvirudisha vyote udongoni viwe chakula cha mimea. Terariamu ya namna hii huitwa terariamu hai.

Wanaprogramu wenzangu watanielewa haraka. Katika lugha nyingi za programu kuna kipande kinachofanya kazi nyuma ya pazia, kinazunguka kwenye kumbukumbu ya kompyuta kikizoa data isiyotumika tena. Humwoni, hakushukuru wala humshukuru, ila siku akikwama ndipo utajua jina lake. Huyo ndiye kolembola. Ndiyo maana neno "kolembola wa mapambo" lilinichekesha mara ya kwanza nilipolisikia. Ni kama kumchagua mzoa taka kwa rangi ya koti.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Nikiwatazama kwa lenzi hata mimi husahau kazi. Kolembola ana miguu sita, ila wataalamu wa leo hawamhesabu kuwa mdudu kamili, ana tawi lake mwenyewe. Chini ya tumbo amekunja uma mdogo ulioshikiliwa na kibanio. Akishtuka kibanio huachia, uma hupiga chini, naye hutupwa hewani. Mbele kidogo ya uma ana mrija mfupi wa kunywea maji, ambao pia humsaidia kunata. Ni mrija huo uliomfanya Mwingereza John Lubbock, karne ya 19, awape jina la Collembola kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya gundi. Ngozi yake ina vinundu vidogo mno hivi kwamba maji hayamlowi, huelea kama punje ya pilipili kwenye supu. Na ukoo huu ni wa zamani ajabu. Mabaki yaliyopatikana kwenye mawe ya Rhynie kule Scotland yana umri wa miaka milioni 400 hivi. Dinosau alikuja baadaye sana, akaondoka, na hawa wapo wanaendelea kuzoa.

Kwa mpenzi wa teknolojia kuna raha nyingine. Mwaka wa 2022 watafiti walieleza jinsi kolembola wa kando ya maji anavyojigeuza angani na kutua kwa miguu, tone la maji kwenye ule mrija likimsaidia kujiweka sawa, na wakatengeneza roboti ndogo ya kuiga. Mwaka wa 2024 wengine huko Marekani walimpiga picha za kasi kolembola wa umbo la mviringo, Dicyrtomina minuta, wakakuta anapinduka kinyumenyume hadi mizunguko 368 kwa sekunde moja. Kwa macho yetu huyo ametoweka tu.

Turudi mezani kwangu. Wale weupe ninaofuga ni wa aina ya Folsomia candida, na kama una mtungi wa ukungu hao ndio wa kuanzia. Maabara zinazopima sumu kwenye udongo zimewatumia kwa miongo mingi. Shirika la OECD lilitoa mwongozo wake namba 232 mwaka wa 2009, na mmoja wa kolembola waliotajwa humo ni huyu. Faida yake kwetu ni kwamba kila kitu kuhusu kumfuga kilishaandikwa na watu wenye subira. Maabara humlalisha kwenye plasta ya jasi iliyochanganywa na unga wa makaa, sehemu nane za plasta kwa moja ya makaa, humweka kwenye nyuzi 20 za joto, humpa punje za hamira kavu. Mayai huanguliwa baada ya siku kumi hivi, na wiki tatu hadi nne baada ya kuanguliwa kifaranga naye anaanza kutaga. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo chumba cha kawaida hapa kinakaribia hali hiyo bila mtambo wowote. Wasomaji wa Mombasa na Lamu, ninyi tafuteni sakafu ya baridi.

Tena hawahitaji ndoa. Kwa kawaida wote ni majike, wanazaa bila dume, kwa sababu ya bakteria aitwaye Wolbachia anayeishi ndani yao. Watafiti walipomuua bakteria huyo kwa dawa, mayai hayakuanguliwa tena. Jenomu yake ilichapishwa mwaka wa 2017, na ndani yake wakakuta jeni zilizohamia kutoka kwa kuvu na bakteria, zikiwemo za kutengeneza kemikali za jamii ya penisilini. Yaani kiumbe huyu alinakili msimbo wa watu wengine akauweka kwenye programu yake, nao unafanya kazi. Sisi tukifanya hivyo kazini huwa tunaombea tu.

Mimi situmii plasta. Natumia makaa yaleyale ya jiko, na hapa Mkenya ana bahati kuliko mfugaji wa Ulaya anayeyanunua kwenye mifuko yenye picha ya chura. Chagua makaa ya miti, sio yale ya matofali yaliyogandishwa kwa vitu usivyovijua, na yasiwe yameguswa na mafuta ya taa. Vunja vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole, osha mpaka maji yatoke safi, jaza nusu ya chupa, mimina maji yafike robo ya makaa. Weka kolembola, nyunyiza hamira kidogo sana au tupa punje tano za mchele mbichi, funika. Ukitaka kuwahamisha ongeza maji: wote wataelea juu, nawe unawamimina kwenye terariamu kama unavyomimina chai. Makaa ni meusi na wao ni weupe, kwa hiyo kuwahesabu kwa macho ni rahisi.

Nimewaua wengi kabla ya kufika hapo. Mara ya kwanza niliwafungia chupa kabisa kwa wiki tatu nikikimbizana na tarehe ya kukabidhi mradi. Nilipofungua nilikuta harufu nzito na makaa matupu. Hewa chafu ilikuwa imejaa, maana hawa hupumua pia, tena kwa ngozi. Tangu hapo hufungua mara mbili kwa wiki na kupepea kidogo kwa kifuniko. Mara ya pili niliwapenda kupita kiasi, nikamwaga kijiko kizima cha hamira. Hamira ikaota ndevu, ndevu zikaleta utitiri, na utitiri ukizoea chupa hautoki. Nilitupa ile chupa, na kwa kuwa ilikuwa ndiyo pekee niliyokuwa nayo nilianza upya kutoka sifuri. Mimi! Mtu ninayewahubiria vijana wa kazini kila siku kuhusu nakala za akiba. Ndiyo maana leo chupa ni nne, na mbili kati yake zinakaa chumba kingine.

Haya, sasa wale wa rangi. Ukiingia kwenye soko la wafugaji wa Ulaya na Marekani utakuta wekundu, wa chungwa, wa zambarau, wa waridi. Bei yao ni mara kadhaa ya weupe. Sehemu ya bei ni ya haki, kwani wengi wa jamii ya Neanuridae, ambako wekundu na wa chungwa hutoka, huzaana polepole. Lakini kuna kichekesho: wengi katika ukoo huo walishapoteza ule uma wa kurukia. Unalipa zaidi kwa kolembola asiyeruka! Wanatembea taratibu kama wazee waliotoka kanisani, na kwa kazi ya kula ukungu mtungini, chupa moja ya weupe itawapita kwa mbali.

Kinachoniudhi zaidi ni majina. Wale wa chungwa ambao rafiki yangu alitaka kuniletea waliuzwa kwa miaka mingi kwa jina la Bilobella, na wengine waliwaita chungwa wa Florida. Baadaye ikafahamika kwamba hao ni Yuukianura aphoruroides, mnyama wa Asia ya mashariki. Wekundu wengi wanauzwa kama Lobella fulani wa Thailand, ukimuuliza muuzaji ni spishi gani anakuonyesha rangi. Jamani, mimi nikikuletea programu isiyo na namba ya toleo, isiyo na jina la mwandishi, nikakwambia tu "ni ile ya bluu," utaiweka kwenye seva ya wateja wako? Kolembola wenye sura moja wanaweza kuwa spishi tofauti, na anayewatenganisha ni mtaalamu mwenye darubini anayehesabu vinyweleo. Jina la soko halikwambii mnyama anatoka wapi, anakula nini zaidi ya hamira, wala atafanya nini akitoka nje ya chupa.

Na atatoka. Yeyote aliyewafuga anajua. Unamwaga maji ya chupa kwenye sinki, unatupa udongo wa zamani kwenye shamba la nyuma, unampa jirani mche wenye mizizi. Mnyama wa milimita mbili hahitaji mlango.

"Lakini wanadhuru nini?" ndivyo alivyoniuliza rafiki yangu. Swali zuri, na kwa wengi wao jibu ni kwamba hawadhuru kitu tunachokiona. Ila yuko mmoja wa Ulaya, Sminthurus viridis, kibonge wa kijani, aliyefika Australia akageuka kuwa msumbufu wa malisho. Anatafuna majani ya luseni na klova mpaka yanabaki mishipa, na wakulima kule humpulizia dawa. Huyo kwao Ulaya ni kolembola tu kama wengine. Sisemi wa chungwa atafanya vivyo hivyo, na mwili wake ni wa kutafuta kuvu, sio majani. Nasema kwamba huwezi kukadiria hatari ya mnyama ambaye hata muuzaji wake alimkosea jina.

Tena sisi Wakenya tuna kumbukumbu ya upande wa pili. Mwaka wa 1972 vinyonga wenye pembe tatu, wale wa Jackson tunaowaona kwenye nyua za nyanda za juu, walisafirishwa kutoka Kenya hadi kisiwa cha Oahu huko Hawaii kwa ajili ya duka la wanyama. Walifika wamedhoofika, mwenye duka akawaachilia kwenye bustani yake wapate nguvu. Wakapata! Wakaenea, na watafiti waliowapasua matumbo wamekuta ndani konokono wa asili wa visiwa hivyo, konokono ambao tayari walikuwa wachache. Kinyonga hana kosa. Mtu aliyemwachilia pia hakuwa na nia mbaya, alimhurumia tu. Nilipomsimulia rafiki yangu alinyamaza kidogo kisha akasema, "Sawa, lakini kinyonga ni mkubwa." Nikamwambia kinyonga angalau utamwona juu ya mti ukamshika.

Kisha kuna suala la sheria, na hapa sitaki utani. Mnakumbuka kesi ya siafu? Wengi waliita siafu, ingawa hasa ni chungu wakubwa wavunaji, Messor cephalotes. Aprili 2025 vijana wawili Wabelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na malkia wapatao 5,000, wamewekwa mmoja mmoja kwenye vijibomba vyenye pamba. Katika kesi nyingine iliyoambatana na hiyo walikuwemo Mvietinamu mmoja na Mkenya mwenzetu. Mei 7, 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu wote wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Watu walicheka mtandaoni kwamba serikali sasa inalinda sisimizi. Mimi sikucheka, kwa sababu vile vijibomba na ile pamba navijua. Ndivyo vifaa vyetu. Soko lililowatuma wale vijana ni lilelile linalouza kolembola wa chungwa, mteja ni yuleyule mwenye sanduku la kioo sebuleni. Kuna tofauti ya ukubwa, na chungu alikuwa anatolewa hali kolembola angeingizwa, lakini soksi ni soksi. Kuingiza viumbe hai na udongo nchini kunahitaji kibali, nami sitaki kuwa mtu wa kumweleza ofisa wa forodha kwamba mzigo hauonekani kwa macho.

Nilisema ana hoja mbili zilizonichoma. Ya kwanza: hata hao weupe ninaojivunia si wa hapa kwa hakika. Folsomia candida ameenea dunia nzima, husafiri kwenye vyungu vya maua, na hakuna aliyemwombea kibali. Ni kweli. Chupa yangu ya kwanza ilitoka kwenye chungu cha mche niliounua, nikawagundua humo kwa bahati. Siwezi kudai mikono safi kabisa. Jibu langu ni kwamba huyu tayari yuko kwenye vyungu vyetu, na mimi simwongezi safari. Najua jina lake, najua tabia zake kwa miongo ya maandishi. Kuna tofauti kati ya kutumia mlango ulio wazi na kubomoa ukuta mpya, ingawa nakiri mstari kati ya hivyo viwili nimeuchora mwenyewe na mtu mwingine angeuchora kwingine.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi. "Wewe," akaniambia, "umekaa Nairobi unawalindia watu soko. Mzungu anauza kolembola, anauza chungu wetu, anauza kinyonga wetu, hata lile ua la milima ya Usambara wanaloliita urujuani wa Afrika linauzwa kwenye kila duka kubwa huku. Kijana wa Kenya akitaka kuuza chupa moja ya rangi unamwambia habari za Australia." Sikuwa na jibu la haraka. Ua lile kweli, mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka wa 1892 na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul, likapewa jina la ukoo wake, na leo pesa zake hazipiti Lushoto. Uchungu huo ninao pia.

Lakini kijana wa Kenya hatapata utajiri kwa kuleta mnyama ambaye kila mfugaji wa Ulaya anaye tayari kwenye rafu. Atapata kwa kujua kitu ambacho wao hawakijui, na hicho kiko chini ya miguu yake. Na hapo ndipo tunapotofautiana kabisa, mimi na rafiki yangu. Yeye anaona rangi iko mbali. Mimi nasema tujaribu kwanza nyuma ya nyumba.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Mwaka wa 1905 Mwitaliano Antonio Berlese alibuni faneli ya kutoa wadudu kwenye udongo kwa joto, na mwaka wa 1918 Mswidi Albert Tullgren akaiboresha kwa kuweka taa juu. Yangu ni chupa ya soda ya lita mbili iliyokatwa, kipande cha wavu wa chujio la chai, kikombe chenye pamba mbichi chini, na balbu ya zamani ya nyuzi. (Balbu ya LED haitakufaa, haina joto. Niliwasha moja usiku kucha nikashangaa kwa nini hakuna anayeshuka.) Unaweka konzi mbili za mbolea iliyooza juu ya wavu, taa inaikausha polepole kutoka juu, na viumbe wanaokimbia ukavu wanateremka wenyewe mpaka kikombeni. Kesho yake unatazama kwa lenzi.

Katika lundo langu mwenyewe la maganda ya ndizi na majani ya parachichi, hapa hapa uani, nilipata wa kijivu warefu wenye magamba yanayometameta kama rupia ikiwa imelowa. Nikapata vibonge vya manjano vyenye macho meusi. Na chini ya gome la mti uliokatwa zamani, bwana, wawili wa rangi ya samawati iliyokolea, wazito, wasioruka. Nilikaa nao mpaka saa nane usiku. Sijui spishi zao na sitajifanya najua. Kila chupa nimeibandika karatasi: tarehe, mahali, joto la siku hiyo, chakula, na pale pa jina nimeandika "haijulikani". Wa kijivu wamezaana. Vibonge vilikufa wote ndani ya wiki mbili, nafikiri niliwapa maji mengi. Wa samawati niliwarudisha chini ya gome lao, maana wawili si kundi na sikutaka kuwa mimi wa kuwamaliza.

Angalizo kwa mtakaojaribu: nasema uani kwako. Msiende kuchimba Karura wala msitu wowote wa hifadhi na faneli zenu, huko kuna utaratibu na vibali vya utafiti. Na usimwuzie mtu aliye nje ya nchi, hata akikusifia vipi. Kwa majirani na wapenzi wa mitungi walioko hapa hapa, uza weupe wa makaa walio safi bila utitiri, ubandike tarehe, useme ukweli kuhusu jina. Nimewauzia watu sita hadi sasa kwa bei ya kikombe cha chai mjini na nimewaambia wote wagawanye chupa mara mbili kabla ya kumwaga hata tone moja kwenye terariamu. Mmoja tu ndiye aliyenisikia, na ndiye pekee ambaye hajarudi kuomba wengine.

Rafiki yangu alikuja Desemba bila kikopo. Alikaa mezani hapa karibu saa nzima na lenzi yangu jichoni, chai ikapoa, akawa ananiuliza tu mambo ya wale wa kijivu. Alipoondoka hakukubali kwamba nilikuwa sahihi. Alichosema ni kwamba wa kwake wa chungwa kule wameingiliwa na utitiri, akauliza kama nina dawa. Sina. Nilimwambia aanze upya kwa makaa mapya, na safari hii awe na chupa mbili.